Flamingo Wameisha? Viashiria vya Bayoanuwai na Maswali Yanayojibiwa Navyo

Katika vituo vya matatu mjini Nakuru, ukitaja ziwa tu, mtu atakuambia kwamba flamingo wameisha. Aliye kando yake atampinga papo hapo, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwaona alipowapeleka wageni mbugani. Wakiwa bado wanabishana, redio inatangaza kwamba miti imefunika zaidi ya asilimia 12 ya ardhi ya Kenya, na kwamba kiwango kilichowekwa na Katiba kimeshapitwa. Kabla habari hazijamalizika, msikilizaji huyohuyo anaambiwa kwamba wanyamapori duniani wamepungua kwa asilimia 73 tangu mwaka wa 1970. Anabaki njia panda, asijue kama hali ya viumbe inapanda au inashuka, na hatimaye anaamua kwamba takwimu hizi ni za wataalamu na wafadhili, hazimhusu.

Zinamhusu. Tatizo ni kwamba kila moja ya kauli hizo inajibu swali lake, nasi tunazisikia kana kwamba zote zinajibu swali moja. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha maswali hayo, na kueleza namna nchi inavyoweza kujua, kwa uhakika unaoridhisha, kama uhai uliomo ndani yake unazidi au unapungua.

Tuanze na maneno yenyewe. Bayoanuwai ni wingi wa namna za uhai, na wingi huo una ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni aina mbalimbali za viumbe: tembo, mwari, mkaratusi, omena. Ya pili ni tofauti zilizomo ndani ya aina moja, mfano wake ukiwa mbegu za maharagwe ambazo nyanya wa Vihiga huzihifadhi katika vibuyu, nyingine zikistahimili ukame, nyingine zikiiva mapema. Ya tatu ni makazi ya viumbe hao pamoja na uhusiano wao: msitu, kinamasi, mto, ziwa la magadi. Shamba lenye mrenda, kunde, saga, mitoo na managu lina bayoanuwai kubwa kuliko shamba la ukubwa uleule lililojaa mahindi peke yake, hata kama lile la mahindi linaonekana la kijani zaidi kutoka barabarani.

Kiashiria ni kitu kimoja tunachokipima ili kitueleze jambo kubwa ambalo hatuwezi kulipima lote. Ufuatiliaji nao ni kukirudia kipimo hicho, mahali palepale, kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka. Mama aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anaijua maana ya maneno haya mawili kuliko anavyodhani. Muuguzi hapimi kila kiungo cha mtoto. Anampima uzito, kisha anatia alama kwenye chati iliyo katika kijitabu cha kliniki. Alama moja haimwambii mengi. Ni mstari unaounganisha alama za miezi kadhaa unaoonyesha kama mtoto anakua, amesimama au anarudi nyuma. Na mama akipoteza kijitabu, au mizani ikibadilishwa bila mtu kuandika, mstari unakatika na kazi ya miezi yote inapoteza maana.

Jambo jingine la kuelewa mapema ni sampuli. Mnunuzi wa mahindi katika soko la Kibuye, Kisumu, hamwagi gunia zima ili akague punje mojamoja. Huchoma bambo juu, katikati na chini ya gunia, akatazama kilichotoka. Akichoma juu tu anaweza kupunjwa, maana mahindi mazuri ndiyo huwekwa juu. Wanaohesabu viumbe hufanya vivyo hivyo: huchagua sehemu chache zinazowakilisha nchi nzima, na kosa kubwa wanalopaswa kulikwepa ni la kupima pale tu ambapo gari linafika kwa urahisi.

Sasa turudi ziwani. Kila Januari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa, maafisa wa KWS (shirika la serikali la wanyamapori), shirika la Nature Kenya na wapenzi wa ndege wanaojitolea huwahesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa. Ukingo wa ziwa hugawanywa vipande, kila kikundi kikapewa kipande chake, na hesabu ikaanza asubuhi kwa wakati mmoja ili ndege walioruka kutoka kipande kimoja wasihesabiwe tena katika kingine. Kundi likiwa kubwa, mhesabu huwahesabu ndege mia moja kwa makini, akaliangalia eneo ambalo mia hao wamelijaza ndani ya darubini, kisha akakadiria ni maeneo mangapi ya ukubwa huo yaliyomo katika kundi zima. Hayo ni makadirio, na yana makosa. Lakini makosa yakiwa ya namna moja kila mwaka, mwelekeo bado husomeka, kama vile mizani inayozidisha robo kilo kila siku bado itakuonyesha kwamba mtoto ameongezeka.

Heroe, ambao sisi wa Nakuru tumezoea kuwaita flamingo, hasa wale wadogo wenye rangi ya waridi iliyokolea, hula mwani mdogo sana unaostawi katika maji yenye magadi mengi. Kuna nyakati ambapo zaidi ya milioni moja walikusanyika Nakuru. Tangu mwaka wa 2010 hivi, ziwa limepanda sana, likameza barabara, ofisi na lango kuu la zamani la mbuga. Maji yasiyo na chumvi yalipoongezeka, makali ya magadi yakapungua, mwani ukapungua nao, na heroe wakaenda kutafuta chakula kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Ndege hawa hawana ziwa moja la kudumu. Huzunguka kati ya Nakuru, Elementaita, Bogoria, Magadi na mengineyo, na karibu wote huzalia Ziwa Natron, nchini Tanzania.

Kwa hiyo wabishi wetu wa kituo cha matatu walikuwa wakizungumzia viashiria viwili tofauti. Idadi ya heroe katika Ziwa Nakuru peke yake hutueleza hali ya Ziwa Nakuru kama ziwa la magadi. Hali ya heroe wenyewe kama aina ya ndege haisomeki hapo. Husomeka katika jumla ya maziwa yote, yakihesabiwa katika kipindi kimoja, pamoja na habari za mazalia ya Natron. Ziwa moja linaweza kubaki tupu ilhali ndege hawajapungua hata kidogo. Kinyume chake pia kinawezekana, nacho ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi: ziwa moja linaweza kujaa heroe na kutufurahisha, huku jumla yao ikishuka, kwa sababu tu maziwa mengine yameharibika na wote wamekimbilia moja lililosalia.

Hata ongezeko halina budi kuhojiwa. Katika miaka ya 1950 na 1960, samaki wadogo walipandikizwa katika Ziwa Nakuru ili wale mabuu ya mbu. Samaki wakazaana, na mwari, pamoja na ndege wengine walao samaki, wakafuata. Anayehesabu idadi ya aina za ndege tu angeandika kwamba ziwa limetajirika. Anayeuliza kama ziwa limebaki vile lilivyokuwa angeandika jibu jingine. Hakuna aliyekosea hesabu, ila kila mmoja alibeba swali lake.

Mkanganyiko wa miti ni wa namna hiyohiyo, nao unawagusa Wakenya wengi zaidi kwa sababu umeingia katika siasa na katika sherehe za shule. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ijitahidi kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi. Tathmini ya kitaifa ya mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba eneo lililofunikwa na miti ni asilimia 12.13, ilhali eneo la misitu ni asilimia 8.83. Watu wengi walidhani kwamba mojawapo ya takwimu hizo ilikuwa ya uongo, lakini zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inahesabu kivuli cha kila mti, uwe msituni, shambani, kando ya barabara au nyuma ya choo. Ya pili inahesabu msitu.

Lakini hata kiwango cha misitu hakitoshi kutueleza habari za bayoanuwai. Ukitoka Kisumu ukipanda kuelekea Vihiga na Kakamega, utaona vilima vilivyovaa mikaratusi kutoka bondeni hadi kileleni. Mkulima aliyeipanda hana hatia. Anauza nguzo na kuni, analipa karo. Kipimo cha miti kitamhesabu, na kinastahili kumhesabu. Hata hivyo, mikaratusi hiyo haiwezi kuwa makao ya viumbe wanaoishi katika Msitu wa Kakamega, ambao ni salio la pekee nchini la misitu ya mvua iliyokuwa ikienea kutoka Kongo, wenye ndege, vipepeo na nyoka ambao huwapati popote pengine nchini Kenya. Nchi inaweza kukata ekari elfu moja za msitu wa namna hiyo, ikapanda ekari elfu mbili za mkaratusi, na kiashiria cha miti kikapanda. Kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032 ni jambo jema, na kwa sababu ni jema inahitaji kipimo cha pili kando yake, kinachouliza ni miti gani, na ni nani anayeishi ndani yake.

Ziwa Victoria linatufundisha somo zito zaidi, kwa sababu huko tulichelewa kupima. Mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali. Wakati huo fulu, samaki wadogo wa rangi nyingi waliokuwemo ziwani kwa mamia ya aina, walikuwa wakitoweka. Wanasayansi wanakadiria kwamba takriban aina 200 zimepotea au ziko ukingoni mwa kupotea. Husemwa "takriban" kwa sababu nyingi kati ya aina hizo hazikuwa zimeorodheshwa wala kupewa majina kabla hazijaondoka. Alama za mwanzo ambazo mengine yote yangelinganishwa nazo, ule uzito wa kwanza ulioandikwa kwenye chati ya mtoto, hazikuwepo.

Ngege naye ana kisa chake. Ngege wa asili wa ziwa hili alikuwa aina moja mahususi. Sato, yaani tilapia wa Mto Naili, alipopandikizwa katika miaka ya 1950 alimsukuma kando, na leo ngege wa asili amebaki hasa katika maziwa madogo, mojawapo likiwa Kanyaboli kwenye Kinamasi cha Yala. Lakini jina halikuondoka. Wengi wetu tukiketi mezani tukaletewa tilapia na ugali, tunasema tumekula ngege. Kitabu cha mizani cha ufuo kinachoandika "ngege, kilo kadha" tangu zamani hadi sasa kinaweza kuonyesha mstari ulionyooka bila tatizo lolote, ilhali samaki mmoja ametoweka chini ya jina hilo na mwingine akachukua nafasi yake. Ndiyo maana wafuatiliaji husisitiza majina ya kisayansi, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa majivuno ya wasomi.

Jumla ya samaki wanaovuliwa nayo hupotosha. Tuseme mitumbwi 10 ya ufuo fulani ilileta kilo 1,000 kwa siku, na baada ya miaka kadhaa mitumbwi 20 ikaleta kilo 1,200. Afisa anayetazama jumla ataandika kwamba uvuvi umekua. Mvuvi anajua vingine: mtumbwi wake ulikuwa ukipata kilo 100, sasa unapata 60, na analazimika kwenda mbali zaidi akichoma mafuta mengi. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka wa 2000, Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikihesabu, kila baada ya miaka michache, si samaki tu bali mitumbwi, wavuvi, injini na nyavu za ziwa zima. Bila idadi ya mitumbwi, kilo za samaki hazisemi chochote kuhusu ziwa.

Ile asilimia 73 iliyosikika redioni haimaanishi kwamba kati ya kila wanyama 100 waliokuwepo mwaka wa 1970, 73 wamekufa. Ni wastani wa mabadiliko ya makundi mengi ya wanyama wenye uti wa mgongo yanayofuatiliwa duniani, toka mwaka wa 1970 hadi wa 2020, na kundi dogo lina sauti sawa na kundi kubwa. Chukua makundi mawili. La kwanza lilikuwa na wanyama 100, likabaki na 10. Limeshuka kwa asilimia 90. La pili lilikuwa na 10,000, likabaki na 9,900. Limeshuka kwa asilimia 1. Wastani wa kawaida wa miporomoko hiyo miwili ni zaidi ya asilimia 45, ingawa wanyama waliopungua hawafiki hata 2 kwa kila 100. Je, wastani huo ni udanganyifu? La. Unatueleza kwamba kuna makundi yanayokaribia kuisha, habari ambayo jumla ingeificha. Kosa ni kuusoma kana kwamba ni jumla.

Kenya ina bahati ambayo nchi nyingi hazina. Hesabu za angani za wanyama wa nyikani zilianza mwaka wa 1977, na kwa sababu zilirudiwa kwa njia ileile, watafiti waliweza kuonyesha mwaka wa 2016 kwamba wanyamapori wa nyika za nchi hii walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Hiyo ni habari ya kuhuzunisha, lakini tuliipata kwa sababu kuna watu waliohesabu kwa subira kwa miongo minne. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori iliyofanyika mwaka wa 2021 ilipata tembo 36,280 na simba 2,589. Katika sensa hiyohiyo, korongo, yule swala mkubwa ambaye nchini Kenya anapatikana katika Mbuga ya Ruma peke yake, kaunti ya Homa Bay, walikuwa 15. Kwa mnyama kama huyo hatuhitaji kusubiri mstari wa miaka kumi ndipo tutambue hatari.

Kutoka hapa tunaweza kuelewa mpango wa kitaifa wa ufuatiliaji ni kitu gani. Unaanza na swali la mwenye kufanya uamuzi. Orodha ya wanyama huja baadaye. Kisha huchaguliwa viashiria vya namna tatu, ambavyo kijitabu cha kliniki kinaweza tena kutusaidia kuvifahamu. Uzito wa mtoto ni hali. Malaria au njaa ni shinikizo. Dawa na uji wa lishe ni hatua. Katika Msitu wa Kakamega, idadi ya ndege wanaoishi ndani ya msitu ni hali. Visiki vipya, tanuri za makaa na njia za ng'ombe ni shinikizo. Doria na vitalu vya miche ya miti ya asili ni hatua. Mpango unaopima hatua peke yake, kama vile semina ngapi zimefanyika na miche mingapi imegawiwa, unafanana na kliniki inayohesabu vidonge ilivyotoa bila kumweka mtoto kwenye mizani. Ripoti nyingi za miradi ninazozisoma ni za namna hiyo, nami naona ndilo kosa linalotugharimu zaidi.

Jambo hili limekuwa wajibu wa kimataifa pia. Kenya iliridhia Mkataba wa Bayoanuwai mwaka wa 1994. Malengo 20 ambayo dunia ilijiwekea hadi mwaka wa 2020 hayakutimizwa hata moja kikamilifu, na mengine yalikuwa yameandikwa kwa namna isiyopimika. Kwa hiyo, katika mkutano wa Montreal wa Desemba 2022, nchi zilipopitisha malengo mapya 23 ya kufikia mwaka wa 2030, zilipitisha pamoja nayo viashiria vya pamoja ambavyo kila nchi itavitolea ripoti. Mojawapo ya malengo hayo linataka asilimia 30 ya nchi kavu na ya maji ilindwe. Msomaji aliyetufuata hadi hapa ataona mwenyewe mtego uliomo: asilimia ya eneo lililolindwa inaweza kupanda kwa saini ya waziri, huku korongo wa Ruma wakibaki walewale.

Baadhi ya watu hudhani kwamba setilaiti sasa zinatosha. Kwa mambo fulani zinafaa kuliko macho yetu. Gugumaji lilipoifunika Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990, picha za angani ndizo zilizoonyesha ukubwa wake na jinsi lilivyosogezwa na upepo. Lakini setilaiti haioni fulu aliye chini ya maji, haisikii ndege aliye ndani ya mafunjo ya Dunga karibu na Kisumu, wala haigeuzi jiwe la Mto Njoro ili itazame kama wadudu wanaohitaji maji safi bado wako chini yake. Kazi hiyo huhitaji watu wanaoishi pale. Katika Kinamasi cha Yala, Dunga na Kakamega kuna vikundi vya wenyeji ambavyo hujaza fomu za ufuatiliaji wa maeneo muhimu ya ndege. Hakuna shahada inayohitajika. Kunahitajika jicho lililozoea na uaminifu wa kuandika "hatukumwona" siku ambayo hakuonekana, kwa sababu sufuri iliyoandikwa ni takwimu, na nafasi iliyoachwa wazi si kitu.

Fomu hizo hupanda kwenda Nairobi. Kinacholegea ni safari ya kurudi. Kijana wa Dunga aliyehesabu ndege miaka mitano bila kuonyeshwa mstari uliotokana na hesabu zake ataacha, na akiacha yeye kijitabu kimepotea. Ubishi wa kituo cha matatu cha Nakuru nao ungemalizwa na karatasi moja: hesabu za Januari za Nakuru, Elementaita na Bogoria, zikipangwa ubavu kwa ubavu tangu miaka ya 1990, zikabandikwa mahali ambapo dereva, kondakta na mwanafunzi wataziona, na kuongezwa mstari mmoja kila mwaka hesabu inapokamilika.